Nyumbani Kwangu Hasuguliwi Mtu Pua

Chanji, Sumbawanga
Jumapili, 16 Novemba 2025

Mdogo wangu Isdori,

Shikamoo uliyoitanguliza kwenye barua yako nimeipokea, nami naitikia marahaba. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu Hellena, na kwamba lile goti lako la kushoto limetulia sasa baridi imeondoka. Sisi huku Chanji hatujambo. Mvua imenyesha mara tatu, wenye mashamba ya Mollo wameshaingia kulima, na mimi nimechimbua kipande changu cha nyuma ya nyumba, nikafukia maharage. Mjukuu wetu Rhoda anakwenda shule kila siku na ameanza kusoma bila kufuata mstari kwa kidole. Afya yangu ni ya mtu wa miaka sabini na moja: naamka, natembea, natafuta miwani niliyoivaa.

Utajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Kila nikikupigia unaweka ile sauti ya kusikika nyumba nzima, hata anayepita kununua chumvi anachangia, na haya ninayotaka kusema nataka uyasikie wewe kwanza. Halafu kwenye simu unanikatiza. Bahasha nimempa Polikarp, mpwa wa Hellena anayeendesha gari la abiria la kuja kwenu Laela, na nimemwambia asimkabidhi mtu mwingine, hata akiambiwa umelala.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Umeniagiza kwamba Jumamosi ya tarehe ishirini na tisa, siku ya misa ya kumbukumbu ya baba, nije na Rhoda, na godoro lake tulipakie kwenye gari. Baada ya misa, ukoo ukiwa umekusanyika, mtoto abebe hilo godoro kichwani azungushwe nyumba kwa nyumba, wenzake wakimpigia makopo, apone kukojoa kitandani. Umeandika kwamba wewe mwenyewe ulizungushwa hivyo na mkeka ukiwa na miaka sita, ukapona siku hiyo hiyo, na kwamba hakuna dawa nyingine duniani. Mwishoni umeongeza habari ya mbwa wangu: kama bado anachafua kizimba, nimsugue pua kwenye uchafu wake kama ulivyonionyesha, na akishindikana nimtupe.

Nakujibu mapema usihangaike kutafuta jibu kurasa za mwisho. Hapana, na hapana tena. Mtoto haji, na mbwa hasuguliwi. Lakini nilifundisha miaka thelathini na mitano, na sijawahi kumwandikia mtu jibu bila kumwonyesha nilivyolipata. Kwa hiyo kaa chini, nyoosha goti, nikueleze.

Nianze na mbwa, maana kwake ndiko nilikojifunza.

Wezi walipovunja banda langu la kuku mara ya pili, mwezi wa sita, nilikwenda kwa Mzee Loth, yule mfugaji wa Kisukuma aliyehamia upande wa Mollo na ng'ombe wake. Binti yake nilimfundisha kusoma, na tangu hapo hanikatalii kitu. Mbwa wake jike alikuwa na watoto sita wa wiki saba. Akanichagulia mmoja dume, mwenye madoa meupe, mekundu na ya kahawia kama sahani ya makande, na Rhoda akampa jina la Makande kabla hatujafika barabara kubwa. Baridi ya mwezi ule unaijua. Kumlaza nje ilikuwa sawa na kumzika, kwa hiyo nikaagiza kizimba cha mbao kwa fundi Zubery wa Kizwite, tukiweke stoo karibu na jiko. Nilimwambia akitengeneze kikubwa kwa kuwa mbwa atakua. Zubery akaniuliza, Mwalimu, unafuga mbwa au ndama? Nikamwambia apime mbao, maswali aniachie mimi. Kilipokuja nikakitandika majani makavu mengi, manene, yanayonukia vizuri, kama unavyomtandikia kuku anayeatamia.

Asubuhi ya kwanza nilifungua stoo nikarudi nyuma. Makande alikuwa amefanya haja zote mbili ndani, amezikanyaga, na anatikisa mkia. Nikatoa majani, nikakosha, nikatandika mapya. Mchana akafanya tena. Nikaongeza majani. Akafanya tena. Nilimtoa uani asubuhi nikakaa naye kwenye kigoda hadi chai ikapoa. Alinusa udongo, alinusa kiatu changu, akaniangalia, kisha nilipomrudisha kizimbani alijisaidia hata kabla sijafunga mlango. Bi Kulsumu, jirani yangu mwenye duka, alikuwa upande wa pili wa michongoma. Yeye mbwa hamgusi, na amenionya kwamba siku Makande atakapovuka ule ua urafiki wetu utakuwa mashakani, lakini hapitwi na jambo. Akaniambia huyo anakukomoa, Mwalimu, huyo amesomea.

Nikamwita afisa mifugo. Akasema ana minyoo, akampa dawa. Tumbo likakaa sawa, mahali pa kujisaidia pakabaki palepale. Hapo nikachanganyikiwa, kwa kuwa kila anayejua mbwa atakuambia kwamba hapendi kuchafua anapolala. Huyu alichafua anapolala tu, na kwa furaha.

Ndipo ulipokuja wewe, mwezi wa saba, na lile gunia la viazi ambalo bado nakushukuru. Uliingia stoo kuweka gunia ukasikia harufu. Sikuwahi kukuambia nilivyoiona siku ile, kwa hiyo nakuambia leo. Ulimshika Makande shingoni, ukamkandamiza pua kwenye kinyesi chake, ukasugua mara tatu, ukamchapa kwa kandambili, ukasema sasa umejua. Rhoda alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya ugali wa mbwa. Ukamgeukia. Godoro lake ulikuwa umeliona kwenye kamba asubuhi hiyo. Ukamwambia, umeona, na wewe zamu yako inakuja. Kisha ukanisemesha kwa Kifipa, ukidhani mtoto hatasikia, kwamba mjukuu wako nimemlegeza. Alisikia. Kifipa namfundisha mimi.

Ulipoondoka, Bi Kulsumu alinong'ona juu ya michongoma kwamba mbwa wangu ana adabu kuliko wageni wangu. Nilimwambia huyo ni mdogo wangu wa tumbo moja. Akajibu kwamba hilo ndilo linalomsikitisha.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo penye somo. Makande alijifunza kweli. Kwa siku nne kizimba kilikuwa safi nami nikakaribia kukupigia simu ya kukusifu. Siku ya tano nikanusa kitu nyuma ya magunia ya mahindi. Alikuwa anajibana hadi nimtoe kizimbani, anakwenda kujificha huko gizani, anafanya, na kingine anakila. Nilimkuta anakila, Isdori, huku ananiangalia kwa pembe ya jicho na mwili wote unatetemeka. Hakujua kwamba kosa ni mahali. Alichojua ni kwamba kinyesi kikionekana mtu anapigwa, basi kisionekane.

Na Rhoda naye alijifunza. Mashuka yakawa makavu. Nikafurahi, mimi mjinga. Siku moja mwalimu wake akaniita pembeni, kwa upole, akaniambia begi la mtoto linanuka. Nikalifungua nyumbani: shuka limekunjwa likiwa bichi, chini ya madaftari. Kesho yake niliingia chumbani kwake mapema kuliko kawaida, jua halijachomoza. Godoro lilikuwa kavu, limetandikwa vizuri, kama la bwenini. Mtoto alikuwa amelala pembeni yake kwenye sakafu ya saruji, mwezi wa saba, Sumbawanga, amejifunika sweta, ili asije akaliharibu. Alikuwa amelala hivyo kwa wiki mbili, na lile shuka la begini alikuwa ameliloweshea hapo sakafuni. Nilipomwinua, ubavu wake ulikuwa wa baridi kama sufuria.

Nitarudi kwenye ile sakafu. Kwanza nimalize ya mbwa.

Nilirudi kwa Mzee Loth na Rhoda, kumuuliza wale watoto walilelewa namna gani. Akatuonyesha zizi la zamani la ndama, limezibwa kwa miiba pande zote. Humo ndimo walimozaliwa na ndimo walimokaa wiki zote saba, kwa sababu ng'ombe wangewakanyaga. Chini palitandikwa majani makavu, manene. Mimi mwenye cheti cha ualimu nikasimama pale nikayasifu yale majani, nikasema kweli watoto hawa walipata joto. Tulipokuwa tunarudi Rhoda akaniuliza, bibi, choo chao kilikuwa wapi? Nikamwambia hawakuwa na choo, walijisaidia humo humo kwenye majani. Halafu akasema, basi Makande anadhani umemjengea choo, halafu unamfungia chooni alale.

Nilisimama katikati ya njia. Mwezi na nusu nilikuwa namwekea yule mnyama choo kipya kila asubuhi, kisafi, cha kunukia, na, ukiondoa zile siku za woga, kila asubuhi alikitumia kama mgeni mwenye heshima. Na tena kizimba kilikuwa kikubwa mno, kwa hiyo aliweza kujisaidia kona moja akalala nyingine. Zubery alikuwa sahihi kuhusu ndama, na nilikwenda mwenyewe Kizwite kumwambia hivyo. Akaja akaweka ubao katikati, nafasi ikabaki ya kujigeuza na kulala tu.

Tulitoa majani yote. Tulikosha mbao kwa sabuni, kisha kwa maji yenye siki, maana harufu ya zamani humwita mbwa hata pale ambapo pua zetu zimesahau. Bi Kulsumu akarusha kanga zake mbili kuukuu juu ya ua, akasema ni za Rhoda, anachozifanyia Rhoda yeye hakijui. Tukazitandika. Na yale majani, pamoja na konzi moja la machafu tuliloliacha kwa makusudi, tukayapeleka uani, kando ya michongoma. Akiamka, Rhoda anambeba hadi pale. Akila, pale. Akimaliza kucheza, pale. Siku ya kwanza alipoyaona alichangamka kama mtu aliyekutana na wa kwao stendi ya ugenini. Akajisaidia hapo hapo. Hatukumpa kitu ila jina lake na mkono kichwani. Kila siku tukapunguza majani kidogo, mpaka siku ya kumi na tisa pale palikuwa na udongo mtupu, na yeye akaendelea kwenda.

Utaniuliza kama amepona kabisa. Sitakudanganya. Wiki iliyopita radi ilipiga karibu, bati likatikisika, Makande akalowesha kanga. Tulizifua, tukaanika, tukanywa chai. Hakujificha nyuma ya magunia. Alikuja akaniegemea mguuni. Mimi hilo nalihesabu kuwa kubwa kuliko kizimba kikavu.

Kwa Rhoda tulikwenda kituo cha afya kwanza, kama nilivyopaswa kufanya tangu mwanzo. Muuguzi alipima mkojo, hakuona ugonjwa. Akanieleza kwamba kuna watoto mwili wao unachelewa kuwaamsha, na kwamba mtoto aliyefiwa na mama mwaka mmoja uliopita anaweza kurudi nyuma hata kama alishakuwa mkavu. Akasema asinywe chai vikombe viwili kabla ya kulala, aende haja kabla ya kupanda kitandani, na asiadhibiwe kwa kitu anachokifanya akiwa hana fahamu. Nimeweka nailoni chini ya shuka na shuka la pili juu ya kiti. Akilowa anabadilisha mwenyewe, analeta la kufua, tunaendelea na siku yetu. Mwezi wa nane alikuwa akilowesha karibu kila siku. Sasa ni mara moja au mbili kwa wiki. Wiki ileile barua yako ilipofika, ambayo aliiona mezani akatambua mwandiko wako, alilowesha siku nne mfululizo. Sikumsomea. Hakuhitaji.

Sasa najua utasema nini. Utasema haya ni maneno ya vitabuni, na wewe una ushahidi: mwili wako. Ulizungushwa ukapona. Hadithi hiyo umeisimulia kwenye harusi, kwenye misiba, mbele ya mapadri, na watu hucheka hadi wakashika mbavu. Nami nimecheka pamoja nao. Kwa sababu ya hadithi hiyo ulimzungusha Gabriel mwanao na godoro kijijini akiwa na miaka saba. Nilikuwepo. Nilikuwa likizo kwenu, nimekaa barazani na kikombe mkononi, na alipopita mbele yangu aliniangalia mimi, si wewe. Nikainamia kikombe. Leo Gabriel yuko Mbeya. Mkewe alipofariki, alimchukua Rhoda, mwanawe wa pekee, akapita naye Laela ndani ya basi bila kushuka, akamleta Chanji kwangu. Hukuwahi kujiuliza kwa nini alipita?

Nimezunguka kurasa nyingi, Isdori, nami si mtu wa kuzunguka. Nisogee.

Mwaka 1964 mimi nilikuwa na miaka kumi na wewe sita, na tulilala mkeka mmoja, wewe upande wa ukuta, mimi upande wa mlango. Aliyekuwa anakojoa ni mimi. Si mara moja wala mbili, miaka. Mama alijua. Alikuwa anachukua mkeka kabla watu hawajaamka anauanika nyuma, na hakusema neno kwa baba wala kwako. Kisha mama akaenda kumuuguza bibi, na shangazi Rozina akaja kutulea. Shangazi akakuta mkeka umelowa mara mbili, akaapa kwamba ya tatu atamjua mwenyewe na kijiji kitamjua.

Asubuhi ya tatu niliamka nimelowa na nikasikia miguu yake inakuja. Wewe ulikuwa umelala, mkavu, mdomo wazi. Nikakuvuta kwa mkono, ukaviringika hadi kwangu penye maji, hukuamka. Nikavua nguo yangu, nikaisukuma chini ya kapu, nikavaa nyingine, nikasimama karibu na mlango kama niliyeamka zamani. Shangazi alipofunua blanketi alikukuta wewe.

Ulisema si wewe. Labda umesahau, maana katika hadithi yako sehemu hiyo haipo. Ulisema shangazi si mimi, shangazi si mimi, mpaka sauti ikakatika, na akakuongezea fimbo kwa kosa la kusema uongo. Ulikuwa unasema kweli. Mkeka ulikuwa mrefu kuliko wewe, ulikuwa unakuangukia machoni, ukazungushwa nao hadi kisimani na kurudi. Watoto walikufuata na makopo. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilikuwa na kopo, na nililipiga, nililipiga kwa nguvu kuliko wote, ili asije mtu akauliza.

Hukupona siku ile. Hukuwa na cha kupona. Mkeka wako ulikauka kwa sababu kuanzia siku hiyo mimi nilihamia kwenye udongo, karibu na mlango, nikamwambia shangazi nasikia joto. Nililala chini hadi Januari. Mama aliporudi akasimuliwa, akaniangalia, nikainamisha kichwa, na sidhani kwamba ni bahati kwamba Januari hiyo baba alikubali nipelekwe bweni la masista. Huko niliendelea kulowesha hadi nikafika miaka kumi na mitatu. Mpishi wa bweni, Mama Tereza, aligundua wiki ya kwanza. Alinishonea godoro la maganda ya mahindi, akaniambia nikilowa nimletee maganda ayabadilishe kabla wenzangu hawajaamka, akaendelea kuchochea uji. Miaka mitatu alibadilisha maganda. Hakunipa dawa nyingine, na iliisha yenyewe.

Kwa hiyo ile sakafu, nilipomwona Rhoda juu yake, niliitambua.

Nilinyamaza miaka sitini na moja. Mwanzoni nilimwogopa shangazi. Baadaye nilikuogopa wewe. Halafu ukaanza kuisimulia kwa fahari, nikaona umejijengea nyumba juu yake, na nikajiambia kwamba haimdhuru mtu. Siku Gabriel alipopita barazani na godoro, niliona inamdhuru mtu, na bado nikanyamaza, mtu mzima, mwalimu mkuu, mbele ya mtoto wa miaka saba. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mkeka. La mkeka nilikuwa mtoto.

Nakuomba radhi, Isdori. Nakuomba kwa fimbo, kwa makopo, na kwa kukufanya uamini kwamba ulisema uongo wakati ulisema kweli. Ukitaka kunikasirikia mwaka mzima, haki yako. Lakini radhi ninayokuomba isikuchanganye ukadhani nimelegea. Wewe ndiye mkubwa wa ukoo baada ya baba, kwenye mashamba na mahari nitakufuata. Kwenye hili sikufuati. Dawa yako haijawahi kumponya mtu. Ilimchapa mtoto mmoja asiye na kosa, ikamfukuza mwingine hadi Mbeya, na huyu wa tatu hutampata. Usimtume Polikarp kumchukua. Nimeshamwambia kwamba akipanda ngazi zangu kwa kazi hiyo atashuka kwa haraka kuliko alivyopanda. Ukija mwenyewe utanikuta mlangoni, na mbwa ninaye.

Kwenye misa ya baba nitakuja, peke yangu. Rhoda atabaki kwa Bi Kulsumu, ambaye amekwisha kumwandalia kitanda na shuka la akiba. Watu watakuwa wamekusanyika na watatarajia ulichowaahidi. Ukiwaambia mwenyewe kwamba umebadili mawazo, nitakaa kimya nile pilau na kilichoandikwa humu kitabaki kati yako na mimi, nawe utaamua umweleze Gabriel au usimweleze. Ingawa nakushauri umweleze, na umpigie kabla ya siku hiyo, kwa sauti ndogo. Usiposema, nitasimama mimi. Nitawahadithia yote tangu mkeka hadi kopo, kwa majina na kwa mwaka. Na kama ukoo unadai lazima mtu atembee na godoro, basi liletwe lile la chumba cha wageni, nitalibeba kichwani nyumba kwa nyumba. Zamu ni yangu, imechelewa tu.

Msalimie sana Hellena. Mwambie mbegu za figiri alizonipa zimeota. Wasalimie majirani wote wa pale kanisani na uwaambie bado napumua. Rhoda ameniuliza namwandikia nani kurasa zote hizi, nikamwambia babu, naye amesema nikuandikie shikamoo. Nimeiandika kama alivyoisema, sijaongeza kitu.

Ni mimi dada yako,
Evodia